Saa Tatu ya Nani? Kuhifadhi Nyakati za Idjwi katika Kanzidata

Tetemeko la ardhi lililotokea katika eneo la Ziwa Kivu tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, limeandikwa katika orodha za kimataifa za matetemeko kuwa lilitokea saa 07:34. Mkazi wa Bukavu aliyekuwa ibadani asubuhi hiyo ya Jumapili, akiiona tarakimu hiyo leo, hana budi kushangaa, kwani saa ya mkononi mwake ilionyesha 9:34. Akisimulia kwa Kiswahili atasema saa tatu na dakika thelathini na nne. Ndugu yake aliyekuwa Kinshasa wakati huo huo alikuwa katika 8:34. Rafiki yake wa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa katika 10:34, ambayo kinywani mwake ni saa nne na dakika thelathini na nne. Ardhi ilitikisika mara moja tu, lakini tumekwisha kupata majibu sita ya swali moja, na hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekosea.

Makala haya yanakusudia kueleza namna nyakati zinavyopasa kuhifadhiwa katika kanzidata ili majibu kama hayo sita yaweze kurejeshwa kwenye tukio lao moja. Kwa kawaida jambo hili huachiwa mafundi wa kompyuta. Sisi tunaoshughulika na lugha tumelipuuza kwa kudhani kwamba ni la hesabu tu. Katika kurasa hizi tutajaribu kuonyesha kwamba kwa mtumiaji wa Kiswahili, hasa yule wa mashariki ya Kongo, nusu ya tatizo ni hesabu na nusu ya pili ni lugha, na kwamba nusu hiyo ya pili ndiyo isiyoweza kurekebishwa baadaye iwapo itapotea siku ya kwanza. Ili kuepusha utata, tarakimu zenye nukta mbili kati yake, kama 9:34, zitakuwa za saa ya ofisi inayoanza usiku wa manane. Saa zilizoandikwa kwa maneno zitakuwa za hesabu ya Kiswahili.

Kisiwa na kanda zake

Idjwi ni kisiwa kilichomo katikati ya Ziwa Kivu. Kiutawala kimo katika mkoa wa Kivu Kusini ambao makao yake makuu ni Bukavu. Makao ya kisiwa chenyewe ni Bugarula, na tangu zamani kimegawanyika katika tawala mbili za kimila, Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Mashariki yake, ng'ambo ya maji, ni Rwanda. Mtu angetazamia kwamba penye mpaka wa nchi ndipo penye mpaka wa saa. Sivyo. Rwanda, Burundi na Kivu zote mbili hutumia saa iliyotangulia Saa ya Ulimwengu, ile ijulikanayo kwa kifupi kuwa UTC, kwa saa mbili. Simu ya mvuvi wa Idjwi ikinasa mawimbi ya mnara wa Rwanda, saa yake haibadiliki hata dakika moja.

Mpaka wa saa uko ndani ya Kongo yenyewe. Sehemu ya magharibi ya nchi, pamoja na Kinshasa, imetangulia Saa ya Ulimwengu kwa saa moja. Sehemu ya mashariki, yaani Kasai zote, mikoa iliyokuwa Katanga, Maniema, Kivu zote mbili na mikoa iliyokuwa Orientale, imetangulia kwa saa mbili. Kwa hiyo mwananchi wa Idjwi ana saa moja na jirani yake wa nchi ya kigeni, lakini hana saa moja na wizara zake mwenyewe. Ndiyo maana mtangazaji wa redio inayosikika nchi nzima hulazimika kutaja saa mara mbili.

Jambo hili lina matokeo ya papo hapo kwa mtengenezaji wa programu. Kompyuta nyingi duniani hutegemea orodha moja ya kanda za saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na kusimamiwa baadaye na Paul Eggert; tangu mwaka 2011 orodha hiyo imewekwa chini ya IANA, taasisi inayotunza majina na namba za intaneti. Ndani ya orodha, kila ukanda huitwa kwa jina la bara na la mji mmoja. Kongo ina majina mawili: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Bukavu haimo, Goma haimo, na Idjwi haimo. Mtu wa Idjwi hana budi kuchagua Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kusini kwake. Yule asiyejua hayo, hasa fundi aliyeko ng'ambo anayedhani kwamba nchi moja ina saa moja, huchagua jina la mji mkuu, na tangu hapo kila tukio la Kivu linaandikwa likiwa limekosewa kwa saa moja. Kosa la saa moja ni baya kuliko kosa la saa kumi, kwa sababu halistui macho. Mgonjwa aliyepokelewa 10:15 akionekana amepokelewa 9:15, nani atauliza?

Ugumu huzidi pale mshirika anapokuwa Ulaya. Ubelgiji hubadili saa mara mbili kwa mwaka: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba iko saa mbili mbele ya Saa ya Ulimwengu, na miezi iliyobaki iko saa moja mbele. Maana yake ni kwamba mwezi wa Julai saa ya Brussels ni ile ile ya Bukavu, na mwezi wa Novemba ni ile ile ya Kinshasa. Fundi akiijaribu programu yake mwezi wa Julai ataona kila kitu kinalingana barabara. Makosa yataanza kuingia mwishoni mwa Oktoba, wakati yeye amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Hapa Afrika Mashariki hatuna desturi ya kubadili saa kwa majira, na kwa hiyo tumezoea kudhani kwamba tofauti zetu ni za milele. Historia inakanusha. Nairobi iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, na ikaingia katika saa tatu kamili za sasa mwaka 1942. Sudan ilihama kutoka saa mbili kwenda saa tatu Januari 2000, kisha ikarudi saa mbili Novemba 2017. Sudan Kusini, iliyorithi saa tatu, ilirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021. Tukiongeza kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya hiyo leo imeenea katika kanda tatu, kutoka saa moja mbele hadi saa tatu mbele. Mizigo inayotoka Kigoma kwenda Kalemie huvuka saa moja juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Ile itokayo Bujumbura kwenda Uvira haivuki chochote.

Kinachohifadhiwa ni nini hasa?

Kanuni ya kwanza ni rahisi kuitaja. Tukio lililokwisha kutokea ni nukta katika wakati, na nukta hiyo ihifadhiwe kwa Saa ya Ulimwengu. Tetemeko letu la 2008 liandikwe 2008-02-03T07:34Z, kwa utaratibu wa kimataifa wa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ambapo herufi Z mwishoni ni alama ya Saa ya Ulimwengu. Mwandiko huo hauwezi kusomwa kwa namna mbili. Ule wa 03/02/2008, ambao kwa Mkongo ni Februari na kwa Mmarekani ni Machi, unaweza.

Hata hivyo kanuni hii peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokomea. Saa ya Ulimwengu inajibu swali la lini. Haijibu swali la ilikuwa saa ngapi kwa aliyekuwako. Mtafiti atakayetaka kujua kama akina mama wa Idjwi hujifungua zaidi usiku kuliko mchana hatasaidiwa na 07:34 mpaka ajue mahali. Kwa hiyo, kando ya nukta ya wakati, iwekwe safu ya pili yenye jina la ukanda, Africa/Lubumbashi. Tunasema jina, wala si tofauti ya saa kama +02:00 peke yake, kwa kuwa jina limebeba historia ya mahali, na tofauti ni tarakimu ya siku moja tu. Jina la Africa/Juba lajua kwamba tukio la mwaka 2005 lilikuwa chini ya saa tatu na lile la 2022 chini ya saa mbili. Tarakimu haijui.

Msomaji atakayejaribu haya kwa vitendo atahadhari na mtego mmoja. Katika PostgreSQL, ambayo ni programu ya kanzidata inayotumika sana, imo aina ya safu ambayo kwa jina lake inajidai kuhifadhi wakati pamoja na ukanda wa saa. Haihifadhi ukanda. Hupokea wakati, huugeuza kuwa Saa ya Ulimwengu, kisha hutupa ukanda. Ukiuomba tena, hukuonyesha kwa saa ya yule anayeuliza. Basi muuguzi wa Bugarula na karani wa Kinshasa wakifungua kumbukumbu moja watasomewa saa mbili tofauti, kila mmoja kwa haki yake, na ukanda wa asili hauko tena. Katika MySQL hali ni nyingine: kuna aina mbili za safu zinazofanana usoni, moja hugeuza na nyingine haigeuzi hata kidogo.

Si kila kitu kinachoandikwa kwa tarakimu za wakati ni nukta, na wanafunzi wengi hukosea hapa kwa bidii yao ya kutii kanuni. Tuchukue tarehe ya kuzaliwa. Mtoto amezaliwa Idjwi tarehe 1 Januari. Mtengenezaji wa programu, kwa kukosa saa, anaijazia 0:00 ya Idjwi na kuigeuza kuwa Saa ya Ulimwengu. Inakuwa 22:00 ya tarehe 31 Desemba. Kinshasa wakiifungua wanaona 23:00, tarehe 31 Desemba, mwaka uliopita. Mtoto ameongezewa mwaka katika karatasi bila ya kukua hata kidogo, na miaka 18 baadaye jambo hilo litaweza kumwingiza katika daftari la wapiga kura au kumtoa. Tarehe ihifadhiwe kama tarehe, bila saa wala ukanda, nayo isigeuzwe na mtu yeyote.

Miadi ya siku zijazo nayo si nukta. Ni ahadi iliyofungwa kwenye saa ya mahali. Boti litakalong'oa nanga Bukavu kuelekea Goma saa moja asubuhi litang'oa saa moja asubuhi ya Bukavu, hata serikali ikibadili ukanda kesho. Mkutano wa Juba uliopangwa mwaka 2020 kufanyika 9:00 ya siku fulani ya Machi 2021, ukiwa umehifadhiwa kuwa 06:00 ya Saa ya Ulimwengu, ulijikuta baada ya Februari ukionyeshwa kuwa 8:00. Walioandika 9:00, Africa/Juba, hawakupata shida.

Saa inavyosemwa

Hadi hapa tumeongea kana kwamba wakati huingia katika kompyuta wenyewe. Kwa kweli, habari nyingi za Idjwi hutoka vinywani mwa watu, na watu husema Kiswahili, au Kihavu na kisha Kiswahili. Saa ya kinywani huhesabiwa tangu kupambazuka. Saa moja ni 7:00, saa mbili ni 8:00, na usiku hesabu huanza upya. Hesabu hii si ya pwani peke yake. Kinyarwanda kimeichukua hata majina, kwani saa mbiri ya Kigali ni 8:00, na Ethiopia ina hesabu ya namna hiyo hiyo katika lugha zake.

Kwa namna fulani Idjwi ni mahali pazuri mno pa hesabu hii. Kisiwa kiko karibu na digrii 29 za longitudo mashariki, na saa mbili kamili za ukanda wake ni za digrii 30. Kwa hiyo jua hufika utosini karibu na 12:00, na likichomoza huwa karibu na 6:00 mwaka mzima, kwani ikweta haiko mbali. Saa kumi na mbili asubuhi ya Idjwi ni mapambazuko kweli. Kampala, yenye saa tatu, mara nyingi hulingoja jua hadi baada ya 6:30. Mzee wa Idjwi anayeitaja saa kwa kulitazama jua anakaribia zaidi saa rasmi kuliko mwenziwe wa Kampala. Tusiyapuuze maneno yake.

Tatizo hutokea pale maneno yanapogeuka tarakimu. Mama anasema mtoto alizaliwa saa nane usiku. Anayeandika, akiwa amesoma kwa Kifaransa na akiwa na haraka, anaandika 8:00, au kwa kuwa amesikia neno usiku anaandika 20:00. Sahihi ni 2:00. Kosa la kwanza ni la saa sita, la pili ni la saa kumi na nane, na yote mawili yanakubaliwa na kompyuta bila kinyongo. Wengine hujaribu kuiwekea programu kanuni ya kujumlisha sita. Kanuni hiyo inafaa kwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Saa mbili usiku inataka kumi na nane. Saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri zinataka kutolewa sita. Na saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa jina ni asubuhi kama saa tatu, ukiijumlishia sita unapata 18:00, ambayo ni jioni. Kwa hiyo fomu isiyouliza kipindi, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, haijauliza saa.

Iko hila nyingine ambayo huwavutia mafundi werevu: kuifanya saa ya Kiswahili kuwa ukanda wa saa wa bandia. Kwa kuwa saa ya Idjwi iko mbele kwa mbili na ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo kwa sita, basi, wasema, tuifanye kuwa nyuma ya Saa ya Ulimwengu kwa nne, na kompyuta itajihesabia. Tarakimu zitatoka sawa, tarehe zitaharibika. Tetemeko jingine la eneo hilo, lililotokea kaskazini mwa Bukavu tarehe 7 Agosti 2015, lilikuja 01:25 ya Saa ya Ulimwengu, yaani 3:25 usiku wa kuamkia Ijumaa, au saa tisa na dakika ishirini na tano usiku. Kwa ukanda wa bandia linakuwa Alhamisi, tarehe 6. Ubaya zaidi ni kwamba desturi ya kale ya Waswahili inavuta upande wa pili kabisa. Kwao siku mpya huingia kwa machweo, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu hiyo ungejumlisha sita badala ya kutoa: 19:00 ya Alhamisi ingekuwa saa moja ya Ijumaa. Kwenye uso wa saa wenye tarakimu kumi na mbili, kujumlisha sita na kutoa sita ni mamoja. Kwenye kalenda zinatofautiana kwa siku nzima. Saa ya Kiswahili ni namna ya kusema saa, na mahali pake ni pale kompyuta inapozungumza na mtu. Katika hifadhi haina kazi.

Idjwi lakini si Lamu, na haifai kumbebesha mtu wa Kivu desturi za pwani. Wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kivu huiita Jumatatu siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, Jumatano siku ya tatu, na Jumamosi siku ya posho, jina linalokumbusha siku ya kugawa posho. Hesabu ya pwani huanza baada ya Ijumaa, hivyo Jumatatu ni siku ya tatu tangu hapo. Matokeo yake ni kwamba siku ya tatu ya Bukavu na Jumatatu ya Zanzibar zinatofautiana kwa siku mbili, ingawa neno tatu limo katika zote mbili. Mfasiri anayesafisha lugha ya fomu za Kivu ili ziwe sanifu, asipojua haya, atahamisha matukio kwa siku mbili akidhani anasahihisha sarufi.

Na kwa kuwa tumeingia katika usafi wa lugha, turuhusiwe neno moja la kando. Walimu wetu wametufundisha kwamba wingi wa saa ni saa, na kwamba masaa ni kosa. Hata hivyo anayesema alingoja masaa mawili ameondoa utata ambao msema sanifu ameuacha, kwani kufika saa mbili na kungoja saa mbili ni mambo mawili. Katika kanzidata, muda na wakati ni safu tofauti zisizochanganyika. Mwandishi huyu angependa kuona wasanifishaji wakilifikiria upya neno hilo.

Saa 72

Inawezekana msomaji akaona kwamba tunakuza mambo. Basi tutazame mfano mmoja wa kubuni, ingawa hali yake si ya kubuni. Mtu aliyebakwa, au muuguzi aliyechomwa na sindano iliyokwisha kutumika, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Dawa hizo zinapasa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72 tangu tukio. Kwa mtu wa Idjwi sehemu ya saa hizo huliwa na njia, na nyingine huliwa na kungoja boti.

Tuseme amefika kwenye kituo cha afya siku ya Ijumaa, 16:00, naye anasema tukio lilikuwa saa nane usiku, usiku wa siku ya tatu. Siku ya tatu hapa ni Jumatano. Usiku wake waweza kuwa ule wa kuamkia Jumatano, na hapo zimepita saa 62. Au ule wa kuamkia Alhamisi, na hapo zimepita saa 38. Kwa vyovyote mlango uko wazi. Lakini ikiwa fomu imetengenezwa mbali, na menyu yake ya siku imeandikwa kwa majina ya pwani, na mwandishi akachagua Jumatatu kwa kuvutwa na neno tatu, kompyuta itahesabu saa 110, au kwa kusoma usiku kwa namna ya pili, saa 86. Kwa vyovyote mlango umefungwa, na programu iliyotengenezwa vizuri kwa kila hali nyingine itaandika kwamba mgonjwa amechelewa.

Kosa hili halitatibiwa na Saa ya Ulimwengu, kwa kuwa limekwisha kuingia kabla ya kugeuzwa. Linazuiwa kwa kuweka safu ya tatu, ya maandishi matupu, inayohifadhi maneno ya msemaji jinsi alivyoyasema: saa nane usiku, usiku wa siku ya tatu. Kando yake iwe safu ndogo inayoonyesha kama saa iliyokadiriwa ni ya hakika au ya kukisia, maana anayesema alfajiri majogoo yanawika hakusema 4:30, na kompyuta isimsingizie. Daktari wa Bukavu atakayeifungua kumbukumbu atayasoma maneno yale, atakumbuka jinsi mama yake mzazi anavyozitaja siku, na atairekebisha tarehe.

Limebaki jambo moja la vitendo. Sehemu kubwa ya kisiwa haina umeme wa kutegemewa, na mtandao huja na kuondoka. Muuguzi hujaza fomu katika simu leo, na fomu hufika kwenye seva keshokutwa, simu ikipata chaji na mawimbi. Kwa hiyo kila kumbukumbu yapasa kuwa na nyakati tatu zilizotenganishwa: wakati tukio lilipotokea, wakati lilipoandikwa, na wakati seva ilipolipokea. Ule wa tatu ndio pekee unaojazwa na seva yenyewe, na ndio unaosaidia kuikamata simu ambayo saa yake imepotea. Simu au kompyuta iliyokatika chaji kabisa huweza kuamka ikidhani ni Januari 1970, mwanzo wa hesabu ya sekunde kwa mashine nyingi. Kumbukumbu ya mwaka 1970 itaonekana mara moja kuwa ina kasoro. Ile iliyokosewa kwa saa moja tu, kwa sababu mtu alichagua Kinshasa, itafichuka ikiwa wakati wa kuandikwa unaonekana kuutangulia wakati wa tukio lenyewe, au ikiwa fomu zote za Idjwi zinafika kwenye seva saa moja kamili baada au kabla ya kujazwa, hata siku ambazo mtandao haukukatika.